Zamu ya Visu
Maisha ya mabinti wa chuo cha Mount Holyoke hapo kale

Ukimwuliza mtu yeyote aliyepata kulala bwenini ni kitu gani anachokumbuka kwanza katika maisha yake ya chuo, mara nyingi hatakutajia somo. Atakutajia kengele, uji, na zamu. Atakumbuka zamu ya kuchota maji, zamu ya kufagia uwanja, na ile iliyochukiwa kuliko zote, zamu ya kusugua sufuria lenye ukoko. Leo napenda niwasimulie habari za chuo kimoja kidogo cha mabinti huko Marekani, ambacho hizo zamu ndizo zilizokisimamisha. Zamu zisingalikuwapo, wengi wa wale waliosoma pale wasingaliweza hata kukanyaga kizingiti chake.

Chuo hicho kiliitwa Mount Holyoke, nacho kilijengwa katika kijiji cha South Hadley, jimbo la Massachusetts. Kilifunguliwa tarehe 8 Novemba 1837. Jina lake la kwanza lilikuwa na neno "seminari" ndani yake, lakini usidhani, msomaji, kwamba palikuwa mahali pa kuwafunza mapadre. Siku zile Wamarekani waliziita hivyo shule za juu za mabinti, maana vyuo vikuu vilikuwa karibu vyote vya wanaume. Mwaka huohuo wa 1837 chuo cha Oberlin, jimbo la Ohio, kiliwapokea wanawake wanne wasome masomo ya shahada pamoja na wanaume, na hilo lilikuwa jambo geni kabisa.

Mwanzilishi wa Mount Holyoke ni Mary Lyon. Alizaliwa mwaka 1797 katika nyumba ya wakulima huko Buckland, jimbo hilohilo la Massachusetts. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 5 tu. Alipofika miaka 13 mama yake aliolewa tena akahama, naye Mary akabaki na kaka yake ili amtunzie nyumba, na kaka akamlipa dola moja kwa wiki. Akiwa na miaka 17 alianza kufundisha watoto kwa mshahara wa senti 75 kwa wiki. Chakula na mahali pa kulala alivipata katika nyumba za wazazi wa wanafunzi, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Akiba yake ikitosha, alikwenda shule. Ikiisha, alirudi kufundisha. Hivyo ndivyo alivyosoma, kipande kwa kipande, mpaka akawa mwalimu aliyejulikana katika shule kubwa ya mabinti huko Ipswich.

Sasa tupige hesabu pamoja. Ada ya chuo alichokianzisha ilikuwa dola 60 kwa mwaka, masomo na chakula na malazi pamoja. Gawanya kwa senti 75. Utaona kwamba mwalimu wa kike wa kijijini, kama alivyokuwa yeye zamani, angalipaswa kufanya kazi wiki 80 pasipo kutumia hata senti moja ili asome mwaka mmoja. Na hiyo ndiyo ada iliyosifiwa kuwa ndogo! Kule Ipswich gharama ilikuwa karibu mara tatu ya hapo. Basi utaelewa kwa nini binti wa mkulima, hata awe na akili namna gani, aliishia kusoma na kuandika tu, kisha akarudi kusokota sufi na kungoja kuposwa.

Mary Lyon alizunguka kama miaka mitatu akiomba fedha za kujenga. Alibeba mkoba wa mahameli ya kijani, akapanda magari ya farasi kutoka mji hata mji, na wako waliosema kwamba haifai mwanamke kusafiri peke yake na kuomba fedha hadharani. Hakujali. Kule Ipswich walimu, wanafunzi na akina mama wa nyumbani walimchangia karibu dola 1,000, ukawa ndio mwanzo wa kazi. Katika orodha ya waliochangia wako waliotoa mamia ya dola, na wako waliotoa senti 6. Mimi kazi yangu ni kuandika madaftari ya kanisa, na nawaambieni kweli, jina la mtoa senti sita huchukua mstari mzima sawasawa na jina la mtoa elfu. Na mara nyingi yeye ndiye anayekuja baadaye kuuliza kama ameandikwa.

Lakini fedha za kujenga ni habari moja, na fedha za kuendesha ni nyingine. Wengi wetu tumeona jengo zuri likizinduliwa kwa ngoma na vigelegele, na baada ya miaka miwili mlango umefungwa. Je, ada ingebakije chini? Mary Lyon alikata shauri mambo mawili. La kwanza, walimu wapokee mshahara mdogo, akianza na yeye mwenyewe: alijipangia dola 200 kwa mwaka, na chakula. La pili, pasiwe na mpishi wala dobi wala mfagizi. Kazi zote za nyumba zifanywe na wanafunzi wenyewe, kila mmoja kama saa moja kwa siku.

Jambo hili la pili liliwaudhi watu, na wengine walilicheka. Walisema, "Huyu anafungua shule ya kufundisha kupika!" Hapana. Mary Lyon alieleza tangu mwanzo kwamba kupika na kufua binti hufundishwa na mama yake nyumbani, si kazi ya chuo. Yeye alitaka tu gharama ishuke, na chuo kisitegemee watumishi wanaokuja na kuondoka. Alikubali akatwe mshahara, wanafunzi wakatwe saa moja, lakini masomo yasikatwe hata kidogo.

Siku ya kufungua, nyumba ilikuwa haijakwisha. Ilikuwa nyumba ya matofali yenye orofa nne, iliyokusanya kila kitu ndani yake: vyumba vya kulala, madarasa, maktaba, ukumbi, na jiko. Wanafunzi 80 walifika na masanduku yao wakakuta ngazi za mlangoni hazijawekwa, na vyombo vingine vya nyumbani bado viko njiani. Mmoja wa wadhamini, Shemasi Safford, mtu mwenye mali kutoka Boston, alikutwa amevua koti, amepiga magoti sakafuni, anapigilia mikeka kwa misumari. Wake za wadhamini walikuwa wakiosha vyombo. Mabinti nao wakapewa kazi palepale. Katika mwaka ule wa kwanza idadi ilifika 116, na mwaka uliofuata wengi walikataliwa kwa kukosa nafasi.

Sasa twende kwenye visu.

Mwishoni mwa Septemba 1847 alifika chuoni binti wa miaka 16, jina lake Emily Dickinson, kutoka mji wa Amherst ulio karibu. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye heshima, na dola 60 hazikumsumbua. Huyu binti baadaye alikuja kuwa mmoja wa washairi wakuu wa Marekani, lakini siku zile alikuwa mwanafunzi mgeni mwenye mafua na hamu ya kwao. Barua alizowaandikia kaka yake Austin na rafiki yake Abiah Root zimehifadhiwa, na kwa hizo tunaweza kumfuata karibu kutwa nzima.

Kazi zilipangwa kwa vikundi. Kulikuwa na kikundi cha mkate, kikundi cha kuosha vyombo, kikundi cha kupiga pasi, na vingine vingi, na kila kikundi kilikuwa na mtu wa kukiangalia. Emily alipewa visu. Asubuhi na adhuhuri aliviondoa visu kwenye safu ya kwanza ya meza za chakula. Na jioni akaviosha na kuvipangusa vingine kwa hesabu ileile. Basi, ndiyo zamu yake. Chuo kilikuwa na wanafunzi zaidi ya 200 mwaka ule, kwa hiyo visu havikuwa vichache. Lakini angalia jinsi mpango ulivyokuwa: binti wa mwanasheria ameshika visu, na huenda binti wa mkulima maskini ameshika pasi, wala mmoja hakuweza kununua nafasi ya kuondokana na zamu. Emily hakulalamika. Aliandika kwamba kazi si ngumu, na kwamba chakula ni kizuri kuliko alivyotazamia. Siku moja akamwandikia kaka yake orodha ya chakula cha mchana: nyama ya ndama ya kuokwa, viazi, boga, mchuzi, mikate ya aina mbili, siagi, pilipili na chumvi, kisha tofaa zilizopikwa ndani ya unga, pamoja na maji ya kunywa. Mwanafunzi wa bweni anayeandika orodha ya chakula kwa furaha! Hapo nafikiri wengi wenu mtasema Marekani ni mbali kweli.

Kabla ya visu, hata hivyo, kulikuwa na mitihani. Kila mgeni alipimwa kwanza, ndipo ajulikane atakaa darasa gani. Madarasa yalikuwa matatu, la kwanza, la kati na la mwisho, na kwa kawaida kila moja lilichukua mwaka. Mwaka ule Mary Lyon alikuwa ameikaza mitihani kwa sababu walioomba walikuwa wengi mno. Emily aliimaliza kwa siku tatu. Ambaye hakuweza kuimaliza katika muda uliowekwa, alirudishwa kwao. Fikiri habari hiyo: sanduku lililoshushwa juzi linapakiwa tena garini, na wenzako wanakutazama dirishani. Emily aliandika kwamba hajapata kuogopa namna ile. Lakini kupanda kulikuwako pia. Hakuna aliyefungwa mahali pamoja kwa sababu ya kalenda. Ukiwa tayari, ulipimwa, ukavuka. Yeye alirudia masomo ya darasa la kwanza kwa haraka, na kufika Januari 1848 alikuwa ameingia darasa la kati, akisoma kemia na elimu ya viungo vya mwili. Chumbani alikaa na binamu yake, aitwaye Emily vilevile, aliyekuwa darasa la mwisho. Mgeni aliyewekwa chumba kimoja na mkubwa wa darasa la mwisho amepata bahati, kila aliyesoma bwenini anaijua.

Siku yenyewe ilikatwakatwa na kengele. Nitaitaja kwa saa zetu. Saa 12 asubuhi wote waliamka. Saa 1, chakula. Saa 2, kujisomea. Saa 3 walikutana ukumbini kwa sala. Saa 4 na robo Emily alikuwa na historia ya kale, saa 5 somo la ushairi, na saa 6 mazoezi ya viungo. Saa 6 na nusu, chakula cha mchana. Kuanzia saa 7 na nusu waliimba pamoja ukumbini kwa nusu saa. Saa 9 kasorobo alipiga piano. Saa 10 kasorobo akaenda kwenye kikundi chake, ambacho habari zake nitazieleza sasa hivi. Saa 10 na nusu wote walirudi ukumbini kumsikiliza Mary Lyon akiwapa mashauri. Saa 12 jioni chakula, kisha masomo ya kimya hata kengele ya kulala, saa 3 kasorobo usiku. Kulikuwa na kengele nyingine ya mwisho saa moja baadaye, kwa hiyo Emily anakiri kwamba ile ya kwanza hawakuitii mara nyingi. Mambo hayo hayabadiliki.

Zaidi ya hayo kila mmoja alitakiwa kutembea kwa miguu maili moja kwa siku. Mary Lyon hakuamini kwamba mtu anaweza kusoma vema na mwili uliolala.

Na kile kikundi cha saa kumi kasorobo? Hapo ndipo kila binti aliposimama mbele ya mwalimu na wenziwe akatoa hesabu ya siku yake kwa kinywa chake mwenyewe. Umechelewa? Useme. Umeongea saa ya kimya? Useme. Umempokea mgeni chumbani bila ruhusa? Useme. Hakuna mnyapara aliyekupeleleza. Wewe ndiwe uliyejishtaki. Ukiwa huna la kusema, ilikuwa ni raha kubwa. Ukiwa nalo, uliandikwa. Kwa maoni yangu mpango huu una hatari, maana humpa mwongo raha kuliko mkweli, na mimi singependa binti yangu afundishwe kuhesabu makosa yake kama sarafu kila jioni. Lakini nimepata kusoma katika chuo cha ualimu ambako viranja waliandika majina yetu kwa siri, na nikifikiri juu ya ile siri, sijui ni lipi baya zaidi.

Masomo ndiyo yaliyokuwa fahari ya chuo. Mary Lyon mwenyewe alifundisha kemia, na hakuridhika wanafunzi watazame tu mwalimu akichanganya dawa mezani. Aliwataka wazishike chupa kwa mikono yao, wawashe moto, waone wenyewe. Jambo hili lilikuwa adimu siku zile hata katika vyuo vya wanaume. Walichuma mimea mashambani, wakaikausha na kuiandika majina. Profesa Edward Hitchcock wa Amherst, mtu aliyejulikana sana kwa kuchunguza nyayo za wanyama wa kale zilizogeuka mawe katika bonde lile, alikuwa rafiki wa chuo na alikuja kuwafundisha. Ilipofika Agosti 1838, mwisho wa mwaka wa kwanza, waliopokea cheti walikuwa mabinti watatu tu. Wengi wa wenzao walikaa mwaka mmoja au miwili, wakaenda kufundisha au kuolewa. Usiwadharau hao. Shule nyingi za vijijini zilipata mwalimu kwa njia hiyo.

Labda utauliza, je, hawakucheza? Walicheza, na pale walipokatazwa walitafuta njia. Katika Oktoba 1847 wacheza maonyesho walipita kijijini na wanyama, dubu na nyani, na Mary Lyon akampata mtu mzima wa kuwasindikiza mabinti waliotaka kwenda kutazama. Karibu wote walikwenda. Emily alibaki, akafurahia ukimya. Lakini kisa ninachokipenda ni cha Februari 1848. Wamarekani wana desturi siku ya Mtakatifu Valentino ya kupelekeana barua za mapenzi na za mzaha. Mary Lyon aliziona kuwa upuuzi. Akasimama ukumbini, akapiga marufuku. Kumbe wale wa mwaka jana walijua mapema kwamba katazo litakuja! Walikuwa wamekwisha kuandika barua zao wakati wa likizo, wakamkabidhi mtu waliyemwamini, na asubuhi ya siku yenyewe barua kama 150 zilikuwa zimekwisha kwenda zake kabla amri haijashuka. Msaidizi wa mkuu, Bibi Whitman, alikwenda mpaka posta, uso umekunjamana, aulize ni barua ngapi na waandishi ni akina nani. Emily alimwandikia kaka yake kwamba mpaka saa ile hakuna aliyehukumiwa, na wameanza kuamini kuwa safari ya Bibi Whitman imekuwa bure. Katazo la ukumbini lina nguvu zake, lakini wasichana mia mbili chini ya paa moja wana zao.

Sasa nafika penye jambo zito, nalo siwezi kuliruka. Mary Lyon alikuwa mcha Mungu sana, na aliwahesabu wanafunzi kwa makundi matatu: waliokwisha kuungama imani na kuingia kanisani, wenye tumaini la wokovu, na wasio na tumaini. Hawa wa mwisho waliitwa kwenye mikutano yao wenyewe, wakaombewa na kushauriwa, na wenzao walijua wazi nani yuko wapi. Wiki kwa wiki kundi la tatu lilipungua. Emily alikuwa katika kundi hilo tangu alipofika. Alihudhuria, alisikiliza, alihangaika hasa, kama barua zake zinavyoonyesha, lakini hakuhama. Mwaka ulipokaribia kwisha walikuwa wamebaki kama 30. Sisi katika ofisi ya parokia tunaandika majina ya waliobatizwa na waliopata kipaimara, wala hatuna daftari la wasio na tumaini, na nashukuru hatunalo. Simlaumu mwalimu aliyehangaikia roho za watoto aliokabidhiwa. Lakini yule binti aliyekataa kusema neno lisilokuwa moyoni mwake, ingawa macho yote yalimtazama, namheshimu sana.

Emily hakumaliza. Wakati wa baridi alishikwa na kikohozi, na rafiki mmoja akapeleka habari kwao. Kaka yake akaja kumchukua, naye hakutaka kwenda, akalia. Alirudi chuoni mwezi wa Mei, akaondoka kabisa Agosti 1848. Alipofariki mwaka 1886 aliacha mashairi karibu 1,800, na yaliyopigwa chapa wakati wa uhai wake hayakuzidi kama kumi hivi.

Msomaji wa kwetu atauliza pia, na ana haki ya kuuliza: je, weusi walikuwako? Katika siku za Mary Lyon hawakuwako. Dola 60 ziliwafungulia mlango mabinti wa maskini, lakini maskini weupe. Mweusi wa kwanza anayejulikana kumaliza masomo pale ni Hortense Parker, mwaka 1883. Baba yake, John Parker, alizaliwa mtumwa, akajinunua mwenyewe mwaka 1845 kwa dola 1,800, akawa mwenye kiwanda cha chuma huko Ripley, Ohio. Na usiku alivuka mto kwa mashua kuwatorosha watumwa waliokimbia kutoka Kentucky. Binti wa mtu huyo aliingia Mount Holyoke, na baadaye alifundisha muziki. Tangu kufunguliwa mpaka siku aliyopokea cheti ni miaka 46. Ni mingi.

Mary Lyon alikiongoza chuo miaka 12. Mapema mwaka 1849 mwanafunzi mmoja aliugua ugonjwa wa kuambukiza wa ngozi, naye akawa akimwangalia kitandani. Ugonjwa ukampata. Akafariki tarehe 5 Machi 1849, umri wake miaka 52, akazikwa katika uwanja wa chuo, na kaburi lake lipo pale hata leo.

Mabinti wake walikwenda mbali. Mmoja wao, Fidelia Fiske, aliyekuwa mwanafunzi kisha mwalimu pale, aliitikia wito wa kwenda Uajemi. Mama yake hakutaka, wala si ajabu. Mary Lyon alipanda pamoja naye gari la kuteleza juu ya theluji, wakasafiri usiku kama maili 30 kwenda kuzungumza na mama huyo. Machi 1843 Fidelia alisafiri kwa meli, akaenda kufungua shule ya mabinti wa Kinestori katika mji wa Urmia, kwa mpango uleule wa kazi na masomo. Na Afrika nayo iliguswa. Mchungaji Andrew Murray wa Rasi ya Tumaini Jema alisoma kitabu cha maisha ya Mary Lyon, akaandika barua kuomba walimu. Wakaja wawili, Abbie Ferguson na Anna Bliss, wote wanafunzi wa zamani wa Mount Holyoke, na Januari 1874 wakafungua shule huko Wellington. Lakini tusidanganyane: ile ya Wellington iliwekwa kwa ajili ya mabinti wa kizungu.

Ile nyumba kubwa ya matofali iliteketea kwa moto tarehe 27 Septemba 1896. Wakati huo chuo kilikuwa kimekwisha kupata haki ya kutoa shahada, na badala ya nyumba moja wakajenga kadhaa. Katika karne ya 20 zamu za jikoni na za kufagia ziliondolewa, wakaajiriwa watu wa kuzifanya, na ada, kama unavyoweza kukisia, haikubaki dola 60.

Kitu kimoja cha siku zile kimebaki. Mwaka 1838 wanafunzi waliacha vitabu siku moja, wakapanda wote kilima cha Mount Holyoke ambacho chuo kimepewa jina lake, ili wautazame mto wa Connecticut unavyojipinda bondeni. Hata sasa, kila mwaka wakati majani ya miti yanapogeuka rangi, kengele hulia asubuhi moja ambayo wanafunzi hawakutangaziwa, na masomo yote ya siku hiyo hufutwa, wakaenda kilimani. Mwaka 2038 desturi hiyo itatimiza miaka 200.